Kingamwili si kinga: tusome vizuri utafiti wa damu wa Kenya

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua watu 3,098, na tuseme hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambukizwa virusi unavyovitafuta. Wapime kwa kipimo kizuri tu, kinachokosea kwa mtu mmoja kati ya mia. Utawakuta wangapi "wenye kingamwili"? Kama 31 hivi. Na wote ni hewa!

Sikuiokota hiyo 3,098 hewani. Ndiyo idadi ya wachangia damu ambao sampuli zao zilipimwa Kenya kati ya Aprili na Juni 2020, katika utafiti wa Sophia Uyoga na wenzake wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, uliochapishwa kwenye jarida la Science. Walitaka kujua virusi vya korona vimeshapita kwa watu wangapi bila kuonekana hospitalini. Waliokutwa na kingamwili walikuwa 174, yaani asilimia 5.6.

Mwenye haraka ya kutangaza angeishia hapo. Wao walirekebisha makosa ya kipimo, kisha wakapima matokeo kwa umri, jinsia na eneo ili yafanane na taifa zima. Wakabaki na asilimia 4.3, huku wakikiri kwamba jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 2.9 na 5.8. Mombasa ilikuwa juu zaidi, asilimia 8.0, ikifuatiwa na Nairobi, 7.3.

Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Unaona 4.3 ni ndogo? Hebu ipige kwa watu wazima milioni 20 tu: unapata watu 860,000. Ukichukua hata ule ukingo wa chini, 2.9, ni 580,000. Sasa linganisha na wagonjwa 20,636 waliokuwa wametangazwa rasmi hadi mwisho wa Julai mwaka huo. Kwa hiyo dai lao kuu, kwamba maambukizi yalikuwa mengi kuliko hesabu ya wagonjwa, linasimama hata ukiwabana vipi.

Lakini kuna mahali pa kuwabana. Mchangia damu ni nani? Ni mtu mzima anayejisikia mzima, aliyetoka nyumbani akafika kituoni wakati wengine wanaogopa hata kupanda matatu. Watoto hawamo, wazee sana hawamo, wagonjwa hawamo. Watafiti walirekebisha umri na jinsia, sawa. Tabia je? Kama watu wanaotokatoka ndio wanaochangia damu, na ndio hao hao wanaoambukizwa zaidi, hakuna hesabu ya umri itakayoliondoa hilo. Ni kama kuonja mchuzi ambao haujakorogwa: unajua ladha ya juu tu.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwetu wasomaji. Tukisikia "asilimia fulani wana kingamwili", tunaelewa "asilimia fulani wamekingwa". Si kitu kimoja. Waulize watu wa Manaus, Brazil. Huko nako watafiti walitumia damu ya wachangiaji. Juni 2020 walikuta kingamwili kwa asilimia 44. Kwa kuwa kingamwili hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na wengine hawazitoi za kutosha kuonekana kwenye kipimo, walirekebisha, wakakadiria kwamba hadi Oktoba asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameshaambukizwa. Kwa hesabu zilizozoeleka wakati ule, hiyo ingetosha kuuzima ugonjwa. Januari 2021 hospitali za Manaus zilifurika, na oksijeni ikaisha.

Nini kilitokea? Maelezo yaliyotolewa ni kadhaa: huenda makadirio yalizidi, huenda kinga ilishuka, na aina mpya ya kirusi, Gamma, ilikuwa na uwezo wa kukwepa kinga ya zamani. Zingatia tofauti: Kenya marekebisho yaliishusha namba kidogo; Manaus yaliipandisha sana. Kadiri namba inavyosogezwa mbali na kilichoonekana maabara, ndivyo inavyotegemea zaidi dhana za anayekokotoa.

Na kinyume chake ni kweli pia. Kingamwili zikishuka, mwili haujasahau kila kitu. Kuna seli za kumbukumbu ambazo kipimo hiki hakizioni kabisa. Kipimo cha kingamwili ni alama ya unyayo: kinakuambia nani amepita, si nani atazuiwa mlangoni kesho.

Basi, utafiti wa Kilifi usome, nami nakushauri uusome na sehemu ya mbinu, ile tunayopenda kuiruka. Na siku ukikutana na namba nyingine kama hii, iulize: damu ya nani, ilitolewa lini, na kilichoongezwa au kupunguzwa baada ya maabara ni kiasi gani? Tangazo lisilojibu hayo, usilitumie kuamua kuvua barakoa.