Enzi Zake

Kijiweni kwetu ubishi wa masumbwi huanzia Kinshasa. Mmoja atamleta Foreman: mapambano 40 bila kushindwa, Joe Frazier kaangushwa mara sita ndani ya raundi mbili pale Kingston mwaka 1973, nani angemweza yule? Mwingine hujibu kwa jina moja tu, Ali, na raundi ya 8 ya alfajiri ile ya Oktoba 30, 1974. Kwake yeye kesi imekwisha. Vikombe vya kahawa vinazunguka, kashata zinatafunwa, nami hubaki na swali langu lile lile: je, huyo wa Kinshasa ndiye Ali wa enzi zake?

Neno "enzi" linalifaa sana jambo hili, maana ni wakati na ni utawala papo hapo. Bondia kijana ana mwili lakini hajaiva kiufundi; bondia mzee ameiva, ila mwili umeshaanza kumkatalia. Katikati pana kipindi kifupi ambapo viwili hivyo hukaa ndani ya mtu mmoja. Anayetaka kujua nani alikuwa mgumu kuliko wote lazima aangalie hapo.

Ali wa Kinshasa alikuwa na miaka 32 na miguu iliyopungua. Aliegemea kamba, akajifunika uso, akamwachia Foreman amalizie nguvu zake kwenye mikono na mbavu, kisha akamwangusha. Sichoki kuutazama ufundi ule. Lakini ni ufundi wa mtu aliyepoteza kitu akalazimika kutafuta kingine. Kile kilichopotea kilionekana kwa mara ya mwisho Machi 22, 1967, New York, dhidi ya Zora Folley: mtu wa uzito wa juu anayeteleza ulingoni mikono ikiwa chini, ngumi zikimkosa kwa upana wa vidole. Mwezi uliofuata alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa leseni na ubingwa. Aliporudi ulingoni, Oktoba 1970, ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi saba. Hilo linaniuma mpaka leo. Kilele cha Ali hakuna aliyekiona, hata Ali mwenyewe.

Watu wa Uganda nao wana shahidi wao. John Mugabi alifika Las Vegas Machi 1986 akiwa amewamaliza wapinzani wake wote kabla ya kengele ya mwisho. Marvin Hagler, bingwa tangu 1980, alizipokea ngumi zile, akazijibu, akamwangusha katika raundi ya 11. Ukitaka ugumu wa jiwe, mchukue Hagler.

Mimi lakini namchagua Sugar Ray Robinson, ambaye Ali mwenyewe alimhesabu kuwa mfalme wa kazi hii. Februari 5, 1943, huko Detroit, Jake LaMotta, mtu aliyemzidi uzito waziwazi, alimshinda kwa pointi. Wiki tatu baadaye, mji ule ule, Robinson alilipa. Kuanzia hapo hakushindwa tena mpaka Julai 1951, Randolph Turpin alipomduwaza London. Zaidi ya miaka minane, na enzi zile bondia alipanda ulingoni mara nyingi kwa mwaka.

Tatizo ni kwamba filamu za Robinson alipokuwa uzito wa welta, ndipo alipokuwa mkali kuliko wakati wowote, zimebaki chache mno. Tunabishania jua la saa sita kwa kuangalia vivuli vya alasiri.

Kivuli kimoja, hata hivyo, kinanitosha. Februari 14, 1951, Chicago, LaMotta yule yule, sasa akiwa bingwa wa uzito wa kati. Raundi za mwanzo anasonga mbele, kichwa chini, na Robinson anaonekana kama anayekimbizwa. Tazama miguu yake. Kila hatua anayorudi inaishia mahali ambapo anaweza kupiga, na anapiga: ngumi nyoofu ya kushoto, tena, halafu ya mwilini. Mabondia wengi wakirudi nyuma wanajiokoa tu. Yeye alikuwa anafanya kazi. Raundi ya 11 LaMotta anakusanya nguvu zake zote na kumbana kwenye kamba, watu wanasimama vitini. Robinson anavumilia, anatoka, na tangu hapo ni mvua ya ngumi. Mwamuzi anakatisha pambano katika raundi ya 13. LaMotta hakuanguka, kamba zilimshikilia.

Mwezi uliopita kijana mmoja pale kijiweni aliniambia kwamba wazee hao wangepigwa na mabondia wa leo, kwa kuwa wa leo wanakula vizuri na wanafanya mazoezi ya kisayansi. Sikubishana naye. Nilimwomba simu, nikamtafutia raundi ya 10, nikamwambia asiangalie mikono kabisa. Alitazama kimya. Kisha akairudisha nyuma, akaitazama tena, na mguu wake wa kushoto, ndani ya kandambili, ukaanza kujaribu hatua ile kwenye vumbi.