Mbwa wa Geti na Mbwa wa Mtu

Ukipita hapa Buwenge, kwenye barabara ya kutoka Jinja kwenda Kamuli, utaona wanyama wengi waliochorwa kwa mkono. Kwenye bucha kuna ng'ombe mnene, kwenye duka la dawa za mifugo kuna kuku na nguruwe, na kwenye geti la mwenye uwezo kuna kichwa cha mbwa, meno nje, na maandishi: mbwa kali. Mafundi wa kazi hii wana mkono mzuri kweli. Lakini hebu jiulize, yule wa geti ni mbwa gani? Mara nyingi ni mbwa wa Kizungu mwenye masikio yaliyosimama, wakati anayebweka ndani ni mbwa wetu wa kawaida, mwekundu, mbavu zinahesabika. Geti halina haja na sura yake. Linataka mwizi aogope, basi.

Kuna picha ya aina nyingine, ile ambayo mtu anamwendea mchoraji na kumwambia: nichoree mnyama wangu. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu kuliko ya geti, na sisi tuliokimbia makwetu tunaihitaji kuliko tunavyokubali kusema.

Afrika Mashariki ukitaja michoro ya wanyama, wengi wanafikiria Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, na mtindo wake unaishi mpaka leo. Mimi naupenda. Ila chui wa Tingatinga ni chui wa wote. Mgeni anaweza kumnunua bila kuuliza anaitwa nani.

Sasa mtazame farasi wa Uingereza anayeitwa Whistlejacket. George Stubbs alimchora karibu mwaka 1762 kwa agizo la mwenye farasi, Marquess wa Rockingham. Picha ina urefu wa karibu mita 3 na iko National Gallery, London. Mimi nimeiona kwenye simu tu. Hakuna mpanda farasi, hakuna mti, hata nyasi hakuna. Ni farasi yule peke yake. Kabla ya hapo Stubbs alikuwa amekaa miezi mingi akipasua mizoga ya farasi ili ajue mifupa na misuli inavyokaa. Tajiri alilipia macho ya mtu aliyejua kutazama.

Msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Wafugaji wa Ankole na wa Rwanda humwita ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake. Bihogo, kwa mfano, ni yule wa kahawia iliyoiva. Kaa na mzee mfugaji pale Nakivale, atakueleza ng'ombe aliyemwacha nyumbani mpaka umwone. Picha ya maneno tunayo tayari. Anayekosekana ni wa kuitia kwenye karatasi.

Kwenye kundi letu la vijana kuna mvulana anayechora kwa penseli. Mama mmoja aliyetoka upande wa Fizi alimwomba amchoree mbwa wake aliyebaki kule. Picha ya simu hakuna. Kijana akachora haraka, akamletea. Mama akaangalia, akacheka: "Mwanangu, huyu ni wa geti. Wangu hakuwa na masikio ya askari."

Ndipo kazi ikaanza. "Mama, sikio lipi lilikuwa limekatika?" La kushoto. "Akikaa, mkia anauweka wapi?" Mama akanyamaza, akafikiri, akajibu. Walienda hivyo siku tatu. Maswali hayo ndiyo kipimo changu cha mchoro wa aina hii. Mchoraji asiyeuliza atakupa mbwa wa geti hata kama mkono wake ni wa dhahabu.

Picha ilipokwisha haikuwa kamili. Mgongo ni mrefu mno, na miguu ya nyuma inafanana na ya mbuzi. Shingoni kuna alama ya kamba iliyofutwa, kwa sababu mama alisema hakuwahi kumfunga. Lakini kichwa kimeinama upande kidogo, kama mbwa anayesikia jina lake kwa mbali. Mama alisema neno moja: "Ndiye." Akatoa shilingi 10,000.

Najua mtu atasema, posho imepunguzwa, watu wanalala njaa, wewe unaongea habari ya mbwa? Ndiyo, chakula kwanza, hakuna anayebisha. Lakini fomu nilizowasaidia watu kujaza zinauliza umepoteza nani, na mifugo mingapi. Hazina mstari wa mbwa aliyekusindikiza mpaka mtoni akarudi. Mtu anabaki na hayo moyoni, anaona aibu kuyataja.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, nina neno. Mnapowapa vijana wetu karatasi, mnawaambia wachore vita, mahema na foleni za maji. Michoro inakwenda kwenye ripoti, kijana anabaki na soda. Siku moja mwagizeni kazi kama mnavyomwagiza fundi wa milango. Mwambieni achore mbuzi wa bibi fulani, kwa jina lake, na mumlipe.

Kwa anayetaka kuagiza, ushauri wangu ni huu. Usiseme "mbwa mzuri". Sema kovu liko wapi na alikuwa analalaje. Dai uone mchoro wa kwanza kabla haujakolezwa, na ukikuta ni wa geti, mrudishie bila kumkasirikia. Nyuma ya karatasi andikeni jina la mnyama na jina la mchoraji. Na bei mpatane kabla penseli haijagusa karatasi.