Akiba ya Fundi Antena

Fundi anayejua kufunga antena darini hatangulii kufungua boksi; hutangulia kutazama paa. Akikuta mabati, atakwambia bila kuzunguka kwamba antena yako itakaa nje, kwa sababu bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Vigae vya udongo huyapitisha, japo hupunguza nguvu yake, na vikilowa mvua hupunguza zaidi. Kwenye nyumba ya vigae, dari ni mahali pazuri: antena inapona jua, upepo na, kwetu sisi wa pwani, chumvi inayotafuna vyuma.

Antena yenyewe, ile yenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, ilitokana na utafiti wa Wajapani Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, uliotangazwa mwaka 1926. Vijiti vifupi vya mbele huelekezwa kwenye mnara. Hilo kila mtu anaweza kuambiwa akalifanya. Ufundi unaanza baada ya hapo.

Mawimbi ya megahezi 500 yana urefu wa sentimita 60 tu. Yakiingia darini hugonga mabomba, nyaya za umeme na tangi la maji, yakagawanyika: hapa yanasaidiana, pale yanauana. Ndiyo maana fundi hupiga magoti juu ya kenchi, antena mkononi, huku mtu wa sebuleni akimsomea kioo: “Ubora hamsini! Sabini! Umepoteza, rudisha kidogo!” Anaisogeza shibiri moja tu, na kila kitu kinabadilika. Anauliza ubora, haulizi nguvu. Nguvu hata busta inaweza kuiongeza, lakini busta hukuza mawimbi pamoja na uchafu wake.

Enzi za analojia, mawimbi yakififia picha ilijaa chenga, lakini taarifa ya habari uliimaliza. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikamaliza kuhamia dijitali mwaka 2015. Dijitali haina chenga. Picha hubaki safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango, kisha huganda, hukatika, hupotea.

Hapo ndipo fundi mzuri anapotofautiana na mbabaishaji. Mbabaishaji picha ikitokea, anateremka na kudai hela yake. Fundi mzuri anaiona picha safi na bado hateremki, maana anajua mvua itanyesha na mwembe wa jirani utatoa majani mapya. Anatafuta ubora wa ziada ambao leo hakuna atakayeuona. Wahenga walisema akiba haiozi, nami sijui kazi inayolithibitisha neno hilo kuliko hii.

Basi ukimwita fundi na picha ikatokea mapema, usimharakishe ateremke. Mwache amalize, na umlipe hata ule muda uliodhani anaupoteza.