Mapambano ya Roho na Nidhamu ya Ndani: Uhakiki wa Mapokeo ya Sala ya Ndanda

Makala hii inashughulikia swali moja ambalo wachungaji wanaotumika Masasi na Newala hawana budi kulijibu. Mkristo anaposema kwamba anashambuliwa na Shetani, vita hivyo viko wapi? Je, viko nyumbani kwa jirani yake, au viko moyoni mwake mwenyewe? Tunalipeleka swali hili kwenye mapokeo ya Kikatoliki ya sala, hasa yale yanayoishiwa na Wabenediktini wa Ndanda, kwa sababu tunaamini kwamba mapokeo hayo yamelijibu vizuri kuliko mahubiri mengi yanayosikika siku hizi, yakiwemo ya kwetu Walutheri. Hata hivyo tutaonyesha pia mahali ambapo jibu lao linahitaji kusahihishwa.

1. Ndanda na majirani zake

Abasia ya Ndanda iko chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, kandokando ya barabara inayotoka Masasi kuelekea Lindi. Ilianzishwa mwaka 1906, baada ya misioni za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na baada ya Askofu Cassian Spiss kuuawa pamoja na wenzake wanne mwezi Agosti mwaka ule ule. Watu wengi huijua Ndanda kwa hospitali yake, kwa shule zake, na kwa vitabu vya Kiswahili vinavyopigwa chapa huko. Wachache hukumbuka kwamba kazi ya kwanza ya mmonaki si hospitali wala shule, bali ni sala, na kwamba kazi zote nyingine hupangwa kuizunguka sala hiyo.

Masasi yenyewe ilipokea Injili kwa mikono ya Waanglikana wa Misioni ya Vyuo Vikuu, ambao mwaka 1876, chini ya Askofu Edward Steere, waliwaleta hapo watu waliokombolewa utumwani. Baada ya Masasi kushambuliwa na Wangoni mwaka 1882, sehemu ya kazi hiyo ilihamia Newala. Wamisionari hao walikuwa Waanglikana, lakini moyo wao ulielekea Ukatoliki: walithamini Misa, maungamo, kufunga na utawa. Kwa hiyo Mkristo wa maeneo haya, awe wa kanisa hili au lile, amelelewa karibu na watu walioamini kwamba sala ina ratiba, ina mwalimu na ina mapambano.

2. Uwanja wa vita ni moyo

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaufananisha utawa na jeshi linalomtumikia Kristo. Tukiisoma kwa makini, tunakuta jambo la kustaajabisha: adui anayetajwa mara nyingi zaidi si jini wala mchawi. Ni manung'uniko, ni kiburi, ni uvivu, ni ulimi usiozuiliwa. Katika sura ya 4 mmonaki anafundishwa kwamba mawazo mabaya yanapomjia, ayapondeponde mara moja kwa Kristo, kisha amfunulie mzee wa kiroho. Katika sura ya 7 anaonyeshwa ngazi kumi na mbili za unyenyekevu, na karibu zote zinahusu namna anavyoishi na watu walio jirani naye.

Mafundisho haya hayakuanza kwa Benedikto. Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, alikuwa ameyapanga mawazo yanayomsumbua anayesali katika mafungu manane: ulafi, uasherati, tamaa ya mali, huzuni, hasira, kuchoshwa na mambo ya Mungu, kupenda sifa, na kiburi. Yohane Cassian aliyachukua mafundisho hayo akayapeleka Ulaya ya magharibi, naye Benedikto akaagiza vitabu vya Cassian visomwe mbele ya wamonaki wake. Wazee wa jangwani hawakukana kwamba pepo wapo. Walichosema ni kwamba pepo hupata nguvu kwa kupitia wazo ambalo mtu mwenyewe amelikaribisha na kulikalisha. Hapo wako pamoja na Bwana wetu katika Marko 7:21, na pamoja na Yakobo, ambaye katika 4:1 anaonyesha kwamba vita vilivyoko kati yetu hutoka katika tamaa zilizomo ndani yetu.

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kawaida twaitumia methali hii kumshuku ndugu au rafiki. Wazee wa jangwani wangeisoma kwa njia nyingine: chawa yumo katika nguo yangu mimi, wala si katika nguo ya shangazi.

3. Maana yake kwa mkulima wa Newala

Kwa nini jambo hili ni zito? Tutoe mfano wa kawaida. Maua ya mkorosho yanashikwa na ubwiri unga, nayo mavuno yanaharibika. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana, nayo ni salfa inayopulizwa kwa wakati wake. Lakini shamba la fulani limezaa na la kwangu halikuzaa, na moyoni unaanza mnong'ono. Baada ya siku chache mnong'ono unapewa jina la mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Serikali ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini sheria haiwezi kuingia mahali ambapo mnong'ono ulizaliwa.

Mhubiri anayetangaza vita vya kiroho katika mkutano wa hadhara, na kuwaahidi watu kwamba adui zao watafichuliwa, anaupa mnong'ono ule mamlaka ya Neno la Mungu. Waefeso 6:12 husomwa kwa sauti kubwa, lakini nusu ya mstari husahaulika, yaani kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Yule mwanamke mzee ni damu na nyama. Kwa hiyo yeye si adui anayesemwa na Mtume.

Nidhamu ya Ndanda ingemwuliza mkulima maswali mengine. Wazo hili lilikujia lini? Je, ni huzuni ya hasara, au ni wivu? Umelikalisha siku ngapi? Umemwambia nani? Maswali haya hayamponyi mkorosho, lakini yaweza kumwokoa mwanamke mzee, na kuiokoa roho ya yule aliyekuwa tayari kumshtaki. Hapa ndipo tunapoona ubora wa mapokeo haya.

4. Nidhamu kama malezi

Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuliingiza jando katika maisha ya Kanisa. Watu wamebishana sana juu ya hatua hiyo. Sisi tunachukua humo jambo moja tu: alitambua kwamba mtu haingii katika utu uzima kwa kusikia maneno peke yake. Mwili hufundishwa pamoja na akili, kwa wakati maalumu na chini ya walezi.

Hata hivyo jando hufanyika mara moja. Nidhamu ya sala ni malezi yanayorudiwa kila siku. Benedikto aliagiza Zaburi zote 150 zisaliwe kila juma, na kazi ya mikono igawane siku na usomaji. Anayesali Zaburi zote hawezi kuchagua zile tu zinazompendeza. Atakutana na hasira, hofu na malalamiko, naye atajifunza kuyapeleka kwa Mungu badala ya kuyapeleka kwa jirani.

5. Mahali tunapotofautiana

Uhakiki wetu una sehemu mbili. Kwanza, anayechungulia mawazo yake kila saa aweza kuishia kujitazama yeye tu. Lorenzo Scupoli, katika kitabu chake juu ya vita vya kiroho kilichotolewa mwaka 1589, aliiona hatari hii, na kwa hiyo aliweka silaha ya kwanza kuwa kutojitumainia na ya pili kuwa kumtumaini Mungu. Lakini Martin Luther, aliyeingia utawani Erfurt mwaka 1505, alijua kwa uchungu jinsi dhamiri inavyoweza kuungama bila kupata pumziko. Mapambano yasiyoanza na msamaha uliokwisha kutolewa humchosha mpiganaji kabla ya adui kufika. Tunafurahi kwamba katika Azimio la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri waliungama pamoja kwamba twakubaliwa na Mungu kwa neema pekee. Kinachobaki ni kwamba ukweli huo usikike katika namna ya kusali.

Pili, kwa muda mrefu nidhamu hii ilionekana kuwa ya wataalamu wanaoishi ndani ya ukuta. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha waziwazi kwamba Wakristo wote wameitwa kuwa watakatifu. Hata hivyo mama aliyeshika jembe tangu alfajiri hawezi kufuata kengele ya abasia. Luther aliliona tatizo hili, na mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, njia nyepesi ya kusali kwa kutumia Sala ya Bwana, Amri Kumi na Imani. Kinyozi hakuambiwa aache wembe wake. Aliambiwa asali kwa moyo usiogawanyika, kama vile mtu ashikaye wembe anavyotakiwa kuangalia wembe.

6. Hitimisho

Tuliacha nadhiri za utawa, na tulikuwa na sababu. Lakini hatukuagizwa kuacha nidhamu. Mwaka 1539 Luther alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Katekisimo Ndogo inatupa sala za asubuhi na jioni, tena inafundisha kwamba mtu wa kale azamishwe kila siku kwa toba. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, linataka maungamo ya faragha yadumishwe. Ni wachungaji wangapi kati yetu wenye mzee wa kiroho wanayemfunulia mawazo yao?

Tunapendekeza mambo mawili. Kila mwanafunzi wa chuo cha theolojia awe na mtu mmoja wa kumwungamia kabla hajawekewa mikono. Na kila mchungaji anayeombwa kuwakemea pepo katika nyumba ya mtu, aanze kwa kuketi na mwenye nyumba, amsikilize, amtangazie msamaha wa Kristo, na kumwuliza ni wazo gani amelikalisha moyoni. Jina la jirani likitajwa, mchungaji asilipokee. Alirudishe swali kwa aliyelitaja, kisha wapige magoti wote wawili.