Uhakiki wa Istilahi "Nyota ya Kuongozea" katika Darubini Zinazotumia Leza

Maelezo ya darubini zinazotumia leza kwa kawaida husimuliwa kama habari ya ukombozi: angahewa huvuruga taswira, leza huumba nyota pasipo na nyota, kisha kioo kinachobadilika umbo huunyoosha mwanga uliopotoka. Masimulizi hayo yana ukweli mwingi. Kasoro yake imo katika jina.

Mwaka 1953, Horace Babcock alipendekeza kwamba upotofu wa mwanga upimwe kwa nyota angavu na kurekebishwa papo hapo. Nyota za kutosha hazikuwepo kila mahali. Mwaka 1985, Renaud Foy na Antoine Labeyrie walichapisha wazo la kuiunda nyota hiyo kwa leza. Nchini Marekani, wazo kama hilo lilikuwa tayari likifanyiwa kazi katika siri za kijeshi, zilizofunguliwa mwaka 1991. Huko Paranal, Chile, darubini ya Yepun yenye kioo cha mita 8.2 imekuwa ikirusha tangu 2016 miale minne, kila mmoja wa wati 22, inayong'arisha atomi za sodiamu zilizoko takribani kilomita 90 juu.

Je, nyota hiyo huongoza? Baharia huifuata nyota kwa sababu haikufungwa kwenye chombo chake. Taa iliyotundikwa mlingotini huyumba pamoja na jahazi, wala haimwonyeshi kwamba amepotoka. Leza inaelekea zaidi kuwa taa hiyo. Mwale hupanda na kurudi kupitia angahewa ileile, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mkengeuko wa kupanda hufutwa na ule wa kushuka. Kwa hiyo myumbo wa taswira nzima, ambao ndio sehemu kubwa kuliko zote ya vurugu za angahewa, haupimiki kwa njia hiyo. Hauna budi kupimwa kwa nyota halisi, hata ikiwa hafifu.

Aidha, kilomita 90 ni karibu mno. Mwanga wake hushuka kwa umbo la koni, na sehemu ya angahewa ya juu inayopitiwa na mwanga wa nyota za kweli hubaki bila kupimwa. Pengo hilo hukua kadiri kioo kinavyopanuka, ndiyo maana darubini ya mita 39 inayojengwa Cerro Armazones imepangiwa leza kadhaa.

Istilahi "nyota bandia" ingefaa zaidi, ingawa nayo ina mtego wake: noti bandia hudanganya, ilhali mguu wa bandia humbeba mtu bila kujidai kuwa nyama na mfupa. Maana hii ya pili ndiyo inayostahili hapa.

Suala hili si la msamiati tu. Dai kwamba leza huiwezesha darubini kutazama popote angani hukwama mbali na ukanda wa Njia Nyeupe, ambako nyota ni chache na ambako galaksi za mbali ndiko hutafutwa. Huko, mwenye leza nne bado huitafuta nyota moja hafifu.