Kombi ya Kulala: Moto Kwanza, Rangi Baadaye

Anayenunua Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970, zile zilizotiwa kitanda na jiko na kampuni ya Westfalia ya Ujerumani, mara nyingi huanza na rangi na mapazia. Fundi anayezijua huanza nyuma, kwenye injini. Kutu huila Kombi kwa miaka. Moto huimaliza kwa dakika chache.

Tatizo ni mpangilio wenyewe. Tangi la petroli limekaa mbele tu ya injini, nyuma ya ukuta wa bati. Mpira wa mafuta hupenya ukuta huo na kufika kwenye pampu, jirani kabisa na distributa, kisha hupanda hadi kabureta. Mipira ya zamani imevikwa kitambaa: chini yake hupasuka huku nje ikionekana nzima, na petroli yenye ethanoli huiharibu upesi zaidi. Kwa hiyo kuikagua kwa macho hakutoshi. Hutolewa yote, hata kile kipande kifupi kilichojificha nyuma ya ukuta, ambacho mafundi wavivu hukiacha. Kijibomba cha kuingizia mafuta kwenye kabureta nacho hutikiswa kwa mkono, kwani kimeshindiliwa tu na huweza kuchomoka gari likitembea.

Bloku ya injini ya 1600 ni ya aloi ya magnesi. Ikishika moto, maji huuchochea. Kizima-moto kiwe mbele karibu na dereva, na abiria washuke kwanza.

Injini hii hupozwa kwa hewa, na mkanda unaozungusha jenereta ndio unaozungusha feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka, simama hapo hapo, usijidanganye kwamba betri itakufikisha. Mpira unaoziba mwanya kuzunguka injini si pambo pia. Ukikosekana, hewa moto ya chini hurudi juu na kuvutwa tena na feni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hasa ikiwa pale pa kuwekea jeki pameoza. Gesi ya jiko ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni, na matundu ya sakafuni yasizibwe na zulia.

Rangi ipigwe gari likishatembea msimu mzima bila harufu ya petroli.