Nyumba Ishirini, Nyumba Mia: Uangalizi wa Watu Wazima Nyumbani Eastlands

Mtu aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, akiwa amelala katika chumba cha kupanga Kayole au Dandora, anahitaji mambo machache yanayorudiwa bila kukoma: aogeshwe, ageuzwe, alishwe polepole asije akapaliwa, abadilishwe shuka zikilowa, asaidiwe kwenda haja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhitaji daktari. Yanahitaji mikono, maji na muda. Lakini tunapojadili ubora wa uangalizi huo, huwa tunauhukumu moyo wa anayeutoa. Utasikia kwamba binti fulani ana huruma, mkaza mwana fulani ni mvivu, vijana wa siku hizi wamewatupa wazee wao. Naona tunaanzia pasipofaa. Uangalizi mzuri hutokana na mpango, na swali la kwanza katika mpango wowote wa namna hii ni la hesabu: mtu mmoja amepewa nyumba ngapi za kuangalia, na ni nani anayekuja nyuma yake kukagua kazi? Mitaa ya Eastlands yenyewe, upande wa mashariki wa Nairobi, imewahi kuwa na mpango uliolijibu swali hilo vizuri.

Mwaka 1993 Dekania ya Mashariki ya Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi ilianza kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani, katika programu inayofahamika kama EDARP, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na padre Edward Phillips wa shirika la Maryknoll. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa ndani ya uwezo wa mwananchi wa kawaida. Serikali ilikuja kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwishoni mwa 1999. Wodi zilikuwa zimejaa, na wagonjwa walirudishwa nyumbani wangali hoi. Waliowapokea walikuwa majirani wa kujitolea, wengi wao kutoka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa na wauguzi wa programu. Mwaka 2002 Wizara ya Afya nayo ikatoa mwongozo wa kitaifa wa huduma za nyumbani, ukiuweka uuguzi wa nyumbani bega kwa bega na matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kijamii. Nguvu ya mpango ule wa dekania, nionavyo, ilikuwa katika namna ulivyowaunganisha watu wawili wenye ujuzi tofauti. Jirani aliijua ploti: maji hutoka siku gani, nani hubaki nyumbani mchana, mwenye nyumba ana roho gani. Muuguzi alikijua kidonda. Jirani asiye na muuguzi angeona ngozi imebadilika asijue maana yake, na muuguzi asiye na jirani angefika wakati kidonda kimekwisha kuoza.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi huidhani ni ya kawaida isiyo na ufundi. Kumwogesha mtu kitandani kuna utaratibu. Kunatakiwa maji ya uvuguvugu katika beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Uso hutangulia, na sehemu za siri huja mwisho kwa kitambaa chake peke yake. Sehemu moja hufunuliwa huku mwili uliobaki umefunikwa leso, ili mgonjwa asipate baridi wala asidhalilike. Ngozi hukaushwa kwa kugusishwa taulo, haisuguliwi. Kisha kuna kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza inapasa ageuzwe takriban kila saa mbili, kwa kuwa uzito wa mwili huibana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro, na nyama isiyopata damu hufa. Vidonda huanzia chini ya mgongo, kwenye nyonga na visigino. Mtu akiburutwa juu ya shuka, ngozi nayo huchunika, ndiyo maana hunyanyuliwa na watu wawili walioshika shuka pande zote. Vitabu vingi vya uuguzi humfundisha msomaji atafute wekundu usiofifia unapobonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuonekana. Kinachosaidia ni mkono: joto lisilo la kawaida, ugumu au ulaini usiofanana na ngozi ya jirani yake, na maumivu mgonjwa anapoguswa. Kwa hiyo mgeni anayesimama mlangoni akauliza hali na kujibiwa kwamba hajambo hajakagua kitu, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Kila saa mbili ni mara kumi na mbili kwa siku. Hakuna jirani awezaye hilo, na hapa ndipo palipo na jambo ambalo maelezo ya huduma zile mara nyingi huliruka. Kazi kubwa ya mhudumu ilikuwa kumfundisha mtu wa nyumbani, halafu kurudi mara kwa mara kuangalia kama mafunzo yameshika. Jirani pia alifungua fundo ambalo familia haiwezi kulifungua peke yake. Katika jamii zetu nyingi ni mwiko mtoto wa kiume kuuona uchi wa mama yake, au mkaza mwana kumwogesha baba mkwe. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kisicho na pazia, mwiko huo unaweza kumfanya mzee akae siku kadhaa bila kuoga, ilhali watu wanaompenda wamemzunguka. Mwanamke wa rika la mama, au mwanamume wa rika la baba, aliyekubalika na nyumba na kufunzwa kazi, huiondoa aibu hiyo bila mtu kushutumiwa.

Mwaka 2006 yalitokea mambo mawili. Dawa za kupunguza makali zikatolewa bure katika hospitali za umma, na wengi waliokuwa vitandani wakainuka, baraka ambayo hakuna wa kuijutia. Mwaka huo huo mkakati wa afya ya jamii ulipanga kila eneo la watu 5,000 liwe na wahudumu 50, kila mmoja na nyumba 20. Mkakati uliporekebishwa mwaka 2014, wahudumu wa eneo hilo walipunguzwa wakawa 10, kila mmoja na nyumba kama 100. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa Septemba 2023, zaidi ya 100,000 nchini, wameirithi hesabu hiyo ya pili. Tuseme mhamasishaji hutembelea nyumba tano kwa siku, siku ishirini kwa mwezi. Kwa nyumba 20 angerudi kwa kila mgonjwa kila wiki. Kwa nyumba 100 anarudi mara moja kwa mwezi. Kidonda cha kitandani kinaweza kuanza kwa siku moja au mbili, kwa hiyo ziara ya mwezi itakikuta kimekwisha kufunguka. Mpango wa sasa unayo mashine ya kupima shinikizo la damu na kipima sukari, na unaweza kumgundua mtu kabla hajapata kiharusi. Hilo ni jema sana. Baada ya kiharusi, mtu huyo hugeuka kuwa nyumba mojawapo kati ya mia.

Nitaambiwa kwamba nyumba nyingi katika hizo mia hazina mgonjwa asiyejiweza, na ni kweli. Lakini ukweli huo unaiunga mkono hoja yangu. Ikiwa wasiojiweza ni wachache, basi ziara zinaweza kugawanywa kwa kipimo cha haja: nyumba yenye watu wazima wenye afya ikae miezi miwili bila ziara, yenye mtu asiyeweza kujigeuza ifikiwe mara mbili kwa wiki. Kinachozuia ni kwamba kazi ya mhamasishaji huhesabiwa kwa idadi ya nyumba alizofikia, na nyumba ya mgonjwa wa kitandani, inayokula saa nzima, humpunguzia idadi. Mtu anayelipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi hawezi kulaumiwa kwa kufuata kile anachohesabiwa.

Halafu kuna jengo lenyewe. Shauri Moyo na Bahati zilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mfanyakazi mwenye nguvu, ambaye ilidhaniwa atazeekea mashambani. Chumba kilikuwa cha kulala, choo na bomba vilikuwa nje, vya watu wote. Dandora, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kwa wazo bora zaidi: ploti nyingi zilikabidhiwa zikiwa na choo, bafu na maji kabla ya chumba chochote. Baadaye vyumba vya kupangisha viliongezwa, na choo kilekile kikawa cha wapangaji wengi. Ukienda Pipeline, utakuta ghorofa ndefu zisizo na lifti, na maji hupandishwa kwa mitungi bomba linapokauka. Kumwogesha mtu mmoja na kufua shuka zake zilizolowa hakuwezi kufanyika kwa chini ya mitungi miwili ya lita ishirini. Hizo ni kilo arobaini za maji kupanda ngazi kila siku, na anayezibeba mara nyingi ndiye huyo huyo wa kumgeuza mgonjwa usiku. Anaposhindwa, tunamwita mvivu. Kwa kuwa kaunti imekusudia kubomoa na kujenga upya mitaa kadhaa ya zamani ya Eastlands, vipimo vya mlango na bafu ni suala la afya. Bafu lisiloweza kuingiwa na watu wawili na kiti haliwezi kutumika kumwogeshea mtu mwingine.

Wako wanaosema dawa ni kujenga makao ya wazee zaidi. Nairobi inayo machache yanayofahamika, kama Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini huko Kasarani na Mji wa Huruma wa kaunti, na wasio na jamaa wanayahitaji. Hata hivyo yakiongezwa maradufu hayatawapokea ila sehemu ndogo sana, na ndani yake swali litabaki lile lile la wagonjwa wangapi kwa kila mhudumu. Wengine husema kulea mgonjwa ni wajibu wa familia. Kifungu cha 57 cha Katiba kinaitaja familia, kisha kinaitaja Serikali. Mchango wa Serikali kwa sasa ni shilingi 2,000 za mpango wa Inua Jamii kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi, na aliyepooza akiwa na miaka 58 itabidi apitie mlango wa ulemavu mkali. Na mahitaji hayangoji: pakiti ya daipa kumi za watu wazima, kwa anayebadilishwa mara tatu kwa siku, haimalizi siku ya nne.

Mabadiliko ninayoyaona yanawezekana bila kusubiri bajeti kubwa ni haya. Kila mhamasishaji awe na orodha fupi ya watu wasioweza kujigeuza, ziara zao zihesabiwe kama ziara nne au tano za kawaida, na muuguzi wa zahanati ya karibu aizungukie orodha hiyo angalau mara moja kwa mwezi. Na katika ripoti kuongezwe mstari mmoja kwa kila mtu aliye kwenye orodha: ngozi ya mgongo, nyonga na visigino iliguswa tarehe gani, na mkono wa nani.